Nilianza na Kitabu cha Mwisho: Kutoka Mizani ya Korosho hadi Digrii ya Uuguzi

Watu wa huku kwetu Kusini wanaoniuliza habari za kusomea uuguzi wakiwa watu wazima huanza na swali la chuo: kipi kizuri, kipi ni rahisi kuingia, kipi ada yake nafuu. Mimi huwauliza kwanza kama cheti chao cha kidato cha nne kiko karibu. Kwa mtu aliyeacha shule miaka kumi iliyopita, akafanya kazi nyingine, akaoa au akaolewa, cheti kile ndicho kinachoamua ni milango ipi ipo na ipi haipo, na hakuna mkuu wa chuo anayeweza kukibadilisha.

Nilikuwa karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huko Tandahimba, mkoani Mtwara. Msimu ukifunguliwa, mimi ndiye niliyesimama kwenye mizani. Mkulima anashusha gunia, tunapima, naandika kilo, namkatia stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu kusubiri mnada. Ni kazi ninayoiheshimu mpaka leo, maana pale kilo chache zikipotea ni madaftari ya mtoto wa mtu. Lakini ni kazi ya msimu. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa mwaka hulali, kisha miezi inayofuata unaishi kwa kubana. Novemba 2018 Serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na magari ya Jeshi yakaja kuzisomba, wakulima walikuwa wakija ofisini kila asubuhi kuulizia uhakiki na malipo, nami sikuwa na jibu la kuwapa. Nilikuwa na miaka 27. Nikaona sitaki kuzeeka nikisubiri bei.

Mwaka huohuo mama alikuwa na kidonda cha mguu. Ana kisukari. Kabla ya kufungua ofisi nilimpeleka zahanati kusafishwa, na sista aliyekuwa akimhudumia, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu, hakunitoa nje. Alinionyesha namna ya kukitazama kidonda: rangi ya nyama, harufu, ukingo unasogea au umesimama palepale. Akanifundisha kumkagua mama nyayo kila jioni, hadi katikati ya vidole, kwa sababu mwenye kisukari anaweza kuchomwa mwiba asihisi kitu. Kidonda kilipofunga nilikuwa nimeshaamua. Nikamwambia, "Shikamoo sista. Nataka kusomea kazi yako." Akaitikia, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, kesho niletee vyeti vyako nivione." Hakunipongeza wala hakuniambia nimechelewa.

Cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa na Kiingereza C, Biolojia D, Kemia D, Fizikia F, Hisabati F. Shule niliyosoma ilikaa muda mrefu bila mwalimu wa Fizikia. Baadaye nilikwenda kidato cha tano na sita mchepuo wa Historia, Jiografia na Kiswahili, nikafaulu vizuri. Sista alikichukua cheti cha kidato cha sita, akakisoma kwa adabu, akakiweka pembeni. Anayeingia digrii ya uuguzi moja kwa moja kutoka kidato cha sita sharti awe amesoma sayansi, na Kemia na Biolojia hazikwepeki. Kufaulu kwangu sanaa hakukuwa na nafasi pale.

Hapo ndipo aliponipa ushauri ambao nauona wa thamani kuliko wote niliopata. Aliniambia nitafute vitabu viwili vya mwongozo wa udahili. Cha kwanza ni cha baraza linalosimamia vyuo vya kati, wakati ule NACTE, sasa NACTVET, chenye vyuo hivyo na masharti ya astashahada na stashahada. Cha pili ni cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa ajili ya vyuo vikuu, na hapa watu wengi hupotea, kwa sababu TCU hutoa miongozo miwili: mmoja wa wanaotoka kidato cha sita na mwingine wa wenye stashahada au sifa linganifu. Akasema nianze na huo wa mwisho, ule ambao ningeuhitaji baada ya miaka mingi, ndipo nirudi nyuma kwenye kile cha chuo cha kati.

Nilivifungua vyote kwenye simu, nikanakili masharti kwenye daftari. Stashahada ya uuguzi na ukunga ilitaka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza zilitajwa kama sifa ya nyongeza tu. Digrii ya uuguzi kwa mwenye stashahada ilitaka wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, na juu yake ufaulu wa angalau D wa kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Soma tena sentensi hizo mbili. Hisabati ambayo kitabu cha kwanza kinaitaja kama nyongeza, cha pili kinaifanya sharti. Ningefuata kitabu cha kwanza peke yake ningerudia Fizikia, ningesoma stashahada, ningefaulu, kisha ningefika mlango wa chuo kikuu na F ya Hisabati mkononi.

Nimekuja kukutana na wauguzi hodari sana, watu walionifundisha kutoa mtoto aliyekaa vibaya, ambao wamekwama hapo hapo. Wana leseni, wana miaka ya kazi, GPA zao nzuri, na sasa wakiwa na watoto wa sekondari wanajisajili upya kufanya mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne. Inaniuma, kwa sababu hakuna aliyewaambia walipokuwa na nafasi.

Basi 2019 nilijisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea kwa masomo mawili, Fizikia na Hisabati. Hisabati nilijua ningeiweza. Mtu aliyeshinda na mizani na asilimia za makato hawezi kushindwa kabisa. Fizikia ilikuwa jambo jingine. Nilimpata mwalimu mmoja kijana aliyekuwa akifundisha jioni, nikamweleza ukweli kwamba naanza tangu mwanzo, kama mtoto wa kidato cha kwanza. Hakunicheka. Tulianza na vipimo, nguvu na msukumo, tukafika umeme. Nilijua pia kwamba D huanzia alama 30, kwa hiyo sikujaza kichwa na mada zote. Nilichagua zile nilizoweza kuzishika sawasawa na maswali ya vitendo, nikazirudia hadi zikakaa. Mtihani ulikuwa Novemba, katikati ya msimu, na nilimwomba katibu wa chama anipe mtu wa kusimama mizani siku za mtihani. Januari 2020 matokeo yakatoka: Fizikia D, Hisabati C.

Kabla ya kuomba chuo nilikaa na daftari nikapiga hesabu za umri. Watu huona haya kufanya hivi. Mimi naona mtu anayebadili kazi asipoipiga hesabu hii anacheza na maisha yake. Matangazo ya ajira mpya serikalini humtaka mwombaji asizidi miaka 45. Mkopo wa Bodi ya Mikopo kwa digrii nao una ukomo wa umri, miaka 35 wakati wa kuomba. Stashahada ni miaka mitatu. Digrii ni miaka minne, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini. Nikianza stashahada nikiwa na 29, namaliza na 32, nafanya kazi kidogo, naomba digrii kabla sijafika 35, namaliza nikiwa bado mbali na 45. Njia nyingine ilikuwa kurudia kidato cha sita kwa sayansi, masomo matatu mazito pamoja na vitendo vyake, kisha digrii moja kwa moja. Kwenye karatasi ni fupi kidogo. Lakini katika njia hiyo nisingekuwa na kipato chochote mpaka mwisho, na kidato cha sita kingenikatalia ningebaki na mikono mitupu. Ya stashahada ilinipa leseni katikati ya safari. Kwa mtu mwenye mtoto na mama mgonjwa, hilo ndilo lililoamua.

Kipindi hicho kijana mmoja alinipigia simu akijitambulisha kuwa anasaidia watu kupata vyuo. Akasema kuna chuo mkoa wa mbali, Fizikia "wanaielewa", nitume tu hela ya fomu. Nilikitafuta kwenye mwongozo, kozi yao ya uuguzi haikuwemo. Nikamwambia asante. Chuo kisichotambuliwa kinaweza kukupokea, kikakuvalisha sare, kikakutoza ada miaka mitatu, lakini mwisho wa yote ni mtihani na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na bila leseni hiyo wewe si muuguzi.

Kusini hatuna njaa ya vyuo vya uuguzi vya ngazi ya stashahada. Kuna Chuo cha Afya pale Mtwara mjini, kuna Newala, kuna vya misheni vilivyo ubavuni mwa hospitali za Ndanda na Nyangao. Nilivyovichagua ni hivi: sikuanza na ofisi ya udahili. Nilikwenda saa ya kubadilishana zamu, nikakaa benchi la nje ya wodi ya wazazi, nikawasubiri wanafunzi wa mwaka wa tatu. Nikawauliza wamezalisha akina mama wangapi kwa mikono yao wenyewe, si kwa kutazama. Nani anasaini kitabu cha mazoezi, mkufunzi aliyekuona ukifanya au yeyote aliyepita na kalamu? Zamu ya usiku mnakuwa wanafunzi wangapi kwa mama mmoja? Majibu yalitofautiana mno, na tofauti hizo huzipati kwenye kijitabu chenye picha za majengo. Binti mmoja aliniambia bila kuficha kwamba wodi yao ina wanafunzi wengi, lakini kesi ni nyingi pia, na sista wa zamu hakubali mtu akae pembeni. Ilikuwa Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa, inakopokelewa rufaa za wilaya zote. Nikaomba Mtwara.

Ada ilinisumbua kuliko masomo. Vyuo hufungua na kudai fedha Septemba na Oktoba, wakati malipo ya korosho kwetu huanza kuingia mnada ukishafanyika, Novemba au Desemba. Na kabla ya hapo, katikati ya mwaka, mikorosho inataka salfa, dawa ya kuzuia ukungu. Usipopuliza, hutavuna cha kulipia ada. Nilikwenda kwa mhasibu wa chuo nikiwa na barua na nakala za stakabadhi za baba, nikaomba kulipa kwa awamu zinazofuata msimu. Akakubali. Kaka alibaki shamba, mtoto alibaki na mama, nami likizo zote nilirudi kuokota na kubangua. Mtu wa Kusini anayepanga kusoma apange kalenda ya ada na kalenda ya korosho kwenye ukurasa mmoja.

Darasani nilikaa na vijana wa miaka 18 na 19. Waliniita mama, wengine dada mkubwa, na hilo halikunisumbua hata kidogo. Kilichonielemea ni Kiingereza. Vitabu vyote, mihadhara yote, mitihani yote ni Kiingereza, na mimi kwa miaka niliishi kwa Kiswahili na Kimakonde. Nilitengeneza daftari la maneno, upande huu la darasani, upande huu ninavyomweleza mama wa kijiji cha Kitaya asiyejua hata hilo la Kiswahili. Daftari lile limenisaidia zaidi wodini kuliko kwenye mtihani.

Na kazi ya zamani? Wapo wanaodhani unaiacha mlangoni. Mizani ilikuja nami. Mama mwenye kifafa cha mimba anatakiwa apewe gramu 4 za magnesiamu salfeti kwenye mshipa kama dozi ya kuanzia. Kichupa kina gramu 5 katika mililita 10. Unavuta mililita 8, unaongeza maji ya sindano mililita 12, unapata mililita 20, unaichoma polepole. Wenzangu waliogopa hesabu hiyo usiku, mgonjwa akitetemeka, ndugu wamejaa mlangoni. Mimi nilikuwa nimezoea kupiga hesabu watu wakinipigia kelele, wakijua kosa langu ni hasara yao. Mkufunzi alipogundua akawa ananiita kuwafundisha wengine. Kuandika daftari la dawa, kukabidhi zamu kwa maandishi yasiyoacha shaka, kumtazama mtu usoni ukamwambia jambo asilotaka kulisikia, vyote hivyo nilivitoa ghalani.

Ambacho sikutoka nacho ni uvumilivu wa mwili. Zamu ya usiku ukiwa na miaka 30 si sawa na ukiwa na 19. Miguu huvimba. Anayefikiria kubadili kazi ajaribu kwanza kukesha hospitalini na mgonjwa wake, asimame, asikae, aone kesho yake anaamkaje.

Nilimaliza 2023, nikafanya mtihani wa Baraza, nikapata leseni, nikaajiriwa kwa mkataba kwenye zahanati mkoa wa Lindi. Hapo ndipo digrii ilipoacha kuwa suala la cheo kwangu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na mvua zikaikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, mabasi yakawa yanazungukia Songea. Siku zile rufaa ya kwenda Muhimbili kwa barabara ilibaki neno tu. Unabaki wewe, tabibu mmoja, na kilichomo kabatini. Nilimhudumia mama aliyetokwa damu baada ya kujifungua, tukafanya yote tuliyofundishwa, akapona. Lakini nilijua mpaka wangu ulipo. Kulikuwa na maswali niliyojiuliza usiku ule ambayo stashahada haikunipa muda wa kuyasoma kwa kina: namna ya kusimamia wodi nzima, namna ya kusoma utafiti na kuupima, kwa nini mwongozo umesema hivi na si vile. Na anayetaka kubobea baadaye, iwe wagonjwa mahututi au afya ya akili, njia yake mara nyingi hupitia digrii.

Mwaka 2025 nikakifungua tena kile kitabu cha TCU, safari hii nikiwa na kila kilichodaiwa. Chuo Kikuu cha Aga Khan pale Dar es Salaam kina utamaduni mzuri wa kuwasomesha wauguzi walio kazini, na ningekuwa naajiriwa Temeke au Ilala ningekitazama kwanza. Kwa mtu anayetoka kilomita zaidi ya 400, kazi na darasa haviwezi kukaa siku moja. KCMC Moshi na Bugando Mwanza ni vyuo vya hadhi, lakini nauli ya kwenda kumwona mtoto ingekula posho yote. Dodoma ilinivuta kweli. Kuna mabweni, na kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa, jina la mtu wetu wa Lupaso, Masasi. Mwishowe nilichagua Muhimbili. Mabasi ya Kusini hupita Mbagala, shangazi yangu anakaa Mbagala, na hospitali ile hupokea kesi ambazo huku kwetu tunazisindikiza tu kwenye gari. Hapo hapo kuna digrii ya ukunga peke yake, na wengi walidhani ndiyo ningeichagua kwa jinsi ninavyoipenda wodi ya wazazi. Nilichukua ya uuguzi kwa sababu zahanati haikuchagulii mgonjwa: asubuhi ni mama mjamzito, mchana mtoto mwenye degedege, jioni mzee wa presha.

Mambo madogo ya maombi yasikuangushe. Mwenye stashahada lazima apate namba ya uhakiki ya NACTVET, ile wanayoiita AVN, ndipo chuo kikuu kimpokee; iombe mapema. Majina ya cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne na stashahada yalingane herufi kwa herufi. Dada zangu mlioolewa, bakini na jina la kidato cha nne kwenye kila karatasi ya shule.

Sasa niko mwaka wa kwanza, na vijana waliotoka kidato cha sita. Kuna wenzangu wa stashahada wanaolalamika kwamba tunarudia anatomia. Mimi naisoma upya kwa hamu, kwa sababu safari hii kila mshipa ninaousoma nimeshautafuta kwa vidole kwenye mkono wa mtu. Mwaka wa utarajali nitaomba Mitengo, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, na baada ya hapo halmashauri yoyote ya Mtwara au Lindi itakayotangaza nafasi ya Afisa Muuguzi. Kwa hesabu za daftari langu nitakuwa na miaka 39.